Latitudo Sifuri

Usiku wa kwanza darubini ilikataa kwamba iko Maseno.
Kumbukumbu yake ilibaki kwa mwenyewe wa zamani,
mji fulani wa Ujerumani, nyuzi hamsini na moja kaskazini,
na nilipoitajia Suheli ikanijibu kwa herufi nyekundu:
nyota hiyo haichomozi.

Haichomozi!
Na ile pale, nyeupe, juu ya tangi la maji la bweni.

Ambetsa, mtoto wa kaka yangu, ndiye mwenye macho ya kusoma kiwambo.
"Shangazi, inauliza latitudo."
Andika sifuri.
"Sifuri na nini?"
Sifuri na vipande ambavyo hata yenyewe haitavijali.
Akasita, kidole juu ya kitufe.
"Kwa hiyo sisi hatuna hata kidogo?"

Nilicheka hadi nikaipiga teke miguu mitatu,
ikabidi tuweke tena pimamaji ya Otiato
na kusubiri kile kipovu kikumbuke katikati.

"Sasa inauliza saa."
Saa mbili na robo, nikasema, kama nisemavyo kila siku ya Mungu.
Akaandika mbili na robo.
Mota zikanguruma, shingo ikazunguka, ikainama,
ikasimama kwa adabu zote
ikilitazama paa la choo cha walimu.

Sisi huanza kuhesabu jua likichwa.
Yeye huanza usiku wa manane, watu wamelala.
Miaka kumi na tisa nimepanga mizani na chupa za asidi
katika maabara ya shule hii,
na sikuwahi kufikiri kwamba saa pia ina lugha ya mama.
Futa. Andika ishirini na robo.

Safari hii ikaenda kusini, ikasita kando ya Suheli,
upana wa vidole viwili.
Kanopasi, ikasema kiwambo. Haya, Kanopasi.
Nikaivuta kwa vitufe: kushoto, chini, nikapitiliza,
nikarudi, maana gia zina ulegevu kama jino la mtoto
na hatua ya mwisho lazima iwe juu na kulia,
juu na kulia, kila mara, usibadilishe.
Katikati. Bonyeza.

Kisha Kapela, upande wa kaskazini.
Nyota ya kaskazini yenyewe hatukuihangaikia.
Kwao huko Ujerumani huning'inia juu ya mapaa;
hapa imelala nyasini, nyuma ya mawe ya Bunyore.

Imelingana, ikaandika mashine.
Neno moja, na Ambetsa akapiga makofi.

Nikaomba Kilimia. Orodha yake haina Kilimia;
ina namba arobaini na tano.
Ikageuka bila kuuliza njia.
Na humo ndani, wamejaa, bluu,
wengi kuliko saba, wengi kuliko niliojifunza kuwahesabu.
Tulikwenda kunywa chai. Tukarudi. Bado wapo.
Mota ilikuwa ikinong'ona kama mbu aliyeshiba,
ikisogea kadiri dunia ilivyosogea,
na hakuna mmoja wetu aliyeuona mwendo huo.

Saa nne Otiato akaja kudai betri ya pikipiki yake.
"Ndiyo hii mnayoilisha nyota?"
Chungulia kwanza, nikamwambia.
Akainama, kofia ya chuma kwapani, akanyamaza muda mrefu.
Nikachomoa waya.

"Zinakimbia," akasema.
Hazikimbii.
"Nakwambia naziona! Moja imetoka. Nyingine hiyo."
Zilikuwa zikiondoka kwenye duara moja moja,
kama wasichana wa kidato cha kwanza kengele ya kulala ikishalia,
wa mwisho akigeuka nyuma mlangoni.

Otiato hakuinua kichwa.
Alishika mguu wa darubini kwa mkono mmoja,
na kwa mwingine, polepole, bila kujua,
akashika ukuta.