Vipuri Vidogo, Kimoja

Baba yangu alihesabu mizani kwa vidole,
nane kabla ya kituo, nane baada yake,
na mshororo ukizidi silabi moja
aliukata kama ukucha.
Mimi nahesabu kilo.

Saa kumi na moja alfajiri, nyuma ya uwanja,
upande wa Port Reitz usioonwa na watalii,
ndege tunayoiita Punda imefungua mlango wa nyuma.
Kijivu, tumbo pana,
pangaboi mbili za chuma bado zimelala.
Mafuta yamemchuruzika ubavuni,
na fundi amemtegea karai chini
kama anayekamuliwa.

Hana bunduki. Hana wimbo wa kikosi.
Siku ya gwaride hupita wa mwisho,
watoto wakishakwenda kununua barafu.

Lakini manuwari imesimama kaskazini, mbele ya Kiunga,
pampu ya kupoza mashine imekufa,
mabaharia sitini wanaoga kwa kikombe,
na meli yote, kwa ukubwa wake, kwa mizinga yake,
inamngoja Punda.

Nasoma, Sajini Lewa anaandika.
Pampu, ndani ya sanduku la mbao: mia na themanini na mbili.
Gasketi na boliti: kumi na tisa na nusu.
Unga, magunia sita.
Vitunguu, mawili. Vimeanza kuota.
Gunia la barua: kilo tatu na robo.
Zamani, asema Lewa, lilikuwa kumi na nane;
siku hizi maneno hayana uzito.

Kisha chini ya wavu, nyuma ya sanduku la pampu,
mkono wangu unagusa chupa.
Chupa ya jamu iliyovikwa soksi ya mtoto,
mfuniko umezungushiwa plasta ya hospitali.
Achari ya ndimu.
Na kikaratasi:
Nyanje, chumba cha mashine. Usiwagawie wote.
Mbeyu, Mtongwe.

Sheria yaijua hata paka wa bohari:
kisichopimwa hakipandi.
Namtazama Lewa. Lewa anatazama dari.
Dari hakuna; tuko nje.

Naiweka juu ya mizani. Sindano inasita,
inatikisika kama mtu anayetafuta neno,
inatua: gramu mia nne na kumi.
Naandika kwa mwandiko wangu safi wa serikali:
vipuri vidogo vya chumba cha mashine, kimoja.

Injini inakohoa, halafu ya pili, yenye kiburi.
Anakimbia, anakimbia,
na kila mara nadhani safari hii lami itamwishia,
kisha magurudumu yanaiacha ardhi bila sherehe,
anapinda juu ya mkono wa bahari,
juu ya mabati ya Mtongwe
ambako Mbeyu labda anaanika nguo
na hainui kichwa. Au anakiinua.

Meli hataiona. Hilo ndilo nisilolizoea.
Atatua Manda, boti itachukua alichobeba,
naye atageuka na tumbo tupu
kabla mtu hajapata neno la kumwambia.
Na shukrani ya punda twaijua.

Alhamisi hati ilirudi, imekunjwa mara nne.
Pampu: imepokelewa, inafanya kazi.
Unga: umepokelewa.
Vitunguu: vimepokelewa, vimeota.
Vipuri vidogo, kimoja:
kimetumika chote. Leteni kingine.
Na doa la manjano, la mafuta, juu ya muhuri.

Usiku nilijaribu, kwa vidole, kama baba:

Ndimu yavuka bahari, punda akiwa hewani,
Mbeyu alisha askari, ambaye hamwoni machoni.

Wa pili ulizidi silabi moja.
Sikuukata.