Jina Sitaliandika

Soko la Majengo, Jumamosi, vumbi la Agosti.
Ninamwona kabla hajaniona:
anapima karanga kwa kopo la maziwa ya unga
lililobonyea upande mmoja.
Au si karanga. Nimebadilisha hata bidhaa.

Siku ya kwanza nilimweleza masharti:
tukikutana nje, mimi simjui
mpaka yeye aamue kunijua.
“Kama mahawara,” akasema, akacheka.
Nikacheka nami,
ingawa chuoni hatukufundishwa kucheka.

Nikamweleza na la pili, lisilochekesha:
siri ina mlango, na mlango una ufa mmoja.
Nikihofia uhai, wako au wa mwingine, nitasema.
Akanyamaza muda mrefu.
Feni ya dari ikawa inaongea peke yake.

Mama mkwe wake alikuja Jumatatu
na kuku wawili, miguu imefungwa kwa katani.
“Niambie tu kama ananitaja.”
Nikamrudishia kuku wake.
Aliondoka akipaza sauti, korido nzima isikie:
“Wanalipwa kwa kukaa kimya!
Kama maneno yangenyesha,
Ugogoni kungekuwa na bahari!”

Usiku nililifikiria hilo.
Kweli, sijamletea mvua.
Deni la kikoba liko palepale, mume yuko palepale,
na majirani wakimwona anapanda daraja la kliniki
hulitema jina la Mirembe
kama mbegu ya zabibu.
Kilichobadilika ni kidogo, unaona haya kukiandika:
sasa analala hadi jogoo.
Na jioni moja alimwambia binti yake,
“Nisamehe, nilikupiga bure,”
binti asijue aiweke wapi mikono.

Fomu ya wilaya ina kisanduku: Manufaa kwa jamii.
Nilikiacha wazi, nikaambiwa nimesahau.

Nakaribia meza yake. Macho nayapeleka
kwenye nyanya za jirani, nyanya ambazo sizihitaji.
“Mbukwa!”
Ni yeye. Ameamua.
“Mbukwa,” naitika, na koo limekauka.
Ananipimia kopo moja, anajaza, anachota nyongeza,
na mimi, Mungu anisamehe, nahesabu:
aliyenitangulia alipewa kiganja kimoja.
Nami kiganja kimoja.

Nikalipa. Akanipa chenji yote.