Mayai Sita

Baba alilipwa saa nne asubuhi.
Mama alikuwa akimsubiri nje ya lango la kiwanda,
kofia ya sufi imevutwa hadi kwenye nyusi,
mfuko mtupu mkononi.
Alizipokea noti bila kuzihesabu
(ya nini kuhesabu sifuri?)
akatimua mbio.

Mama yangu, Vidosava, mwalimu wa hesabu,
ambaye hakuwahi kulikimbilia hata basi,
alikatiza Novi Sad juu ya barafu
kwa sababu saa sita bei ingebadilishwa.
Alirudi na mayai sita.
Jirani, aliyetoka baada ya chakula cha mchana,
alirudi na manne.

Ilikuwa Desemba, mwaka wa tisini na tatu.
Mimi nilikuwa na miaka tisa, Radivoj sita.
Tulikaa mezani tukiyatazama mayai
kama wageni ambao hujui watakaa siku ngapi.

Wanasema akiba haiozi.
Ya bibi ilioza. Miaka ishirini na miwili
ndani ya kitabu cha benki chenye jalada la buluu,
fedha za vigae vya bafuni,
vya kijani, alikwisha kuvichagua.
Siku alipokwenda kuzitoa, karani
alimwambia kwa upole
kwamba nauli ya kurudi imezipita.
Bibi hakulia. Alifika nyumbani, akapiga magoti,
akaisugua sakafu ileile ya saruji mpaka usiku.

Sasa fungua kabati langu.
Chini ya makoti kuna chupa kumi na nne za mafuta ya alizeti,
sukari, maharage,
chumvi ya kumkausha ng'ombe mzima.
Sina deni. Sina pia kiti kizuri cha kukalia.
Mume wangu, siku anaondoka, alisema:
"Ljubinka, wewe umeolewa na stoo."
Nilikasirika, nikatoka kwenda kununua mchele.
Nikiwa na hasira hununua mchele.

Ndugu yangu, mshahara haulali kwake.
Kwake fedha ni theluji kiganjani:
usipoirusha, inayeyuka.
Ana saksafoni asiyojua kuipiga.
Ana viatu vya ngozi, rangi ya divai, jozi tatu.
Akiingia mkahawani hulipia meza nzima
na ya jirani,
kisha tarehe ishirini hunipigia simu, sauti chini,
akiulizia hali yangu kwanza.
Miaka nenda rudi nilimwita mbadhirifu,
yeye akaniita panya.
Kumbe wote wawili tulikuwa bado tunakimbia
nyuma ya mwanamke yuleyule
mwenye mfuko mtupu.

Mama alifariki Machi. Katika pindo la koti lake
vidole vyangu viligusa kitu kigumu.
Radivoj alifumua kwa wembe:
maki themanini za Kijerumani,
zimekunjwa ndogo kama barua ya mwanafunzi,
fedha ambayo hata wenyewe waliiacha zamani.
Tulicheka mpaka tukakaa sakafuni.
"Tuziweke," nikasema.
"Twende tukale samaki," akasema.
Tulisema kwa pamoja,
tukanyamaza kwa pamoja.
Nilimwangalia ndugu yangu, mvi masikioni,
nikamwona yule wa miaka sita
aliyekula yai lake haraka haraka, limoto,
huku mimi langu nikilificha mfukoni
hadi lilipopasuka.

Bahasha iko kwangu. Hatujaamua.

Jana nilimtuma binti yangu mayai.
Ameleta kumi,
chenji ameiacha ukingoni mwa sinki, haijahesabiwa,
akaingia chumbani kwake akipiga mluzi.
Nilisimama mbele ya zile sarafu muda mrefu.
Mkono ulikwenda, nikaurudisha.
Nikaziacha zilale palepale.

Usiku niliamka mara mbili.
Zilikuwepo.
Na asubuhi, niamini,
bei ya yai ilikuwa ileile ya jana.