Alhamisi, Bafu la Salfa

Kila Alhamisi, nikishamaliza
somo la Anguko (saa mbili, ubao, chaki),
nashuka hadi Abanotubani,
chini ya kuba za matofali zinazonuka mayai ya kuchemsha.
Navua joho, navua msalaba,
nautundika msumarini,
nalala juu ya jiwe
kama nilivyotoka kwa mama.

Hanlar ananimwagia ndoo.
Babu yake alimsugua babu yangu;
historia yetu ndiyo hiyo.
Anavaa mfuko wake wa singa za mbuzi,
anaanza mgongoni, kwa bismillahi.

"Leo umewafundisha nini, Shemasi?"
Kwamba tumezaliwa na jeraha, nasema,
shavu limebanwa na jiwe.
Kwamba sura ya Mungu imo ndani yetu bado,
kama picha ya ukuta wa kanisa
iliyofukiwa na masizi ya mishumaa.

Anacheka. "Mtoto wangu wa tano ana siku tisa.
Nimemkagua kote. Jeraha sijaliona,
ila kitovu."

Nilikuwa na jibu. Jibu lina tanbihi tatu za Kigiriki.
Nikafungua kinywa,
kikajaa povu.

Kisha ananionyesha mkononi mwangu
vijiuzi vya kijivu, vinene kama tambi.
Uchafu, nasema, kwa haya.
"Uchafu gani! Miaka thelathini nasugua watu:
ninyi, Wayahudi wa sinagogi la hapo juu,
sisi wenyewe, na yule Mrusi
asiyeamini chochote, hata maji.
Wote hutoa hiki hiki, rangi hii hii.
Ni ngozi, Shemasi. Ni wewe wa juzi,
umekufa na hutaki kuondoka."

Wiki ijayo vijana wataniuliza habari za majirani,
kama wataokoka.
Kitabu chetu kimewatengea kurasa sita.
Mimi sisemi kwamba mito yote ni mto mmoja.
Namwamini Yule aliyeuvaa mwili huu,
ngozi yake nayo ikipukutika,
akaingia majini na kuinama
chini ya mkono wa mtu mwingine.

Kwa nini aliinama, sijui kufundisha.
Najua tu pana mahali, kati ya mabega,
ambapo mkono wangu haujawahi kufika,
na hapo ndipo Hanlar anaposugua sasa,
akinung'unika bei ya maziwa ya unga.

Ananigonga bega.
"Geuka," anasema.

Neno lile lile
nililoandika asubuhi ubaoni.