Mahali Salama

"Ukiona pa kusimama salama, simama,"
asema Bwana Pugh, macho kwenye karatasi.
Mvua ya Merthyr inapapasa kioo.

Si hapa: geti la mtu.
Si hapa, kituo cha basi, na ajuza wa mwavuli mwekundu
keshapunga mkono, adhani basi ndiye mimi.
Mbele kona. Kisha mwinuko,
ng'ambo yake siioni.

Pugh anakohoa.
Miaka thelathini na mmoja nimesimama
aliposimama Idwal: mlangoni pa baa,
juu ya mistari ya njano, njia panda gizani,
"Dakika moja tu, Nerys,"
nami na mkoba mapajani,
sijaulizwa hata siku moja
wapi panafaa.

Basi Bwana Pugh na asubiri.

Ukuta mrefu wa kiwanda kilichofungwa.
Hauna mlango. Barabara imenyooka kama uzi.
Kioo. Taa ya kushoto. Bega, nachungulia.
Gurudumu linanusa ukingo, halipandi.
Breki ya mkono: krrr.

Anaandika kitu. Haulizi kwa nini hapa.
"Endelea ukiwa tayari."

Niko tayari,
ila naziacha wipa zifute
mara mbili zaidi.