Kikohozi cha Dakika ya Arobaini na Moja

Watu wa Umoja huniletea diski niwapimie
kabla hawajatoa pesa,
kama maziwa yanavyopimwa maji.
Kemunto wa saluni, Lokwang bawabu wa ploti,
hata pasta, anayesema ni ya mpwa wake.
Sina haraka. Nafunga pazia, nazima taa,
nafuta diski kwa pindo la shati.

Cha kwanza ni giza.
Filamu ya kutisha hupimwa kwa giza lake.
Likiwa la kijivu, kama maji ya deki,
muuaji utamwona mapema, kasimama kando ya kabati,
na hofu imekwisha kabla ya kuanza.
Giza zuri lina tabaka:
weusi wa koti, nyuma yake weusi wa mlango,
na nyuma kabisa weusi ambao hujui ni wa nini.
Huo wa mwisho ndio unaoulipia.

Kisha nyuso. Ngozi isiwe plastiki.
Jasho lionekane linapoanzia.

Kisha sauti, na hapo nafumba macho.
Nyayo zitoke spika ya kushoto,
zipite nyuma ya kochi,
ziishie kulia, karibu na friji.
Mnong'ono usikike bila kuongezwa,
na mlango ukibamizwa, Bi Nduku wa chumba cha pili
agonge ukuta.
Akigonga, naongeza alama moja.

Leo Lokwang kaleta ile ya lifti,
ya mpokea simu anayesikia mtu akipumua kwenye laini.
Imesafishwa upya, jalada linasema, fremu kwa fremu.
Na kweli. Mvua ni mvua, si mchele.
Kwenye kitufe cha ghorofa ya tisa
naona alama ya kidole.
Picha: tisa.
Sauti: kumi, na mimi sitoi kumi.

Ila filamu hii naijua kwa nakala nyingine.
Kaka yangu Musembi aliingia na kamera ndani ya jaketi,
sinema ya mjini, safu ya saba, Jumanne ya nusu bei.
Picha ilikuwa imeinama kidogo,
kama mtu anayesikiliza kwa sikio moja.
Kisogo cha mtu kilipita mara mbili.
Damu ilikuwa rangi ya chai.
Maneno yalitoka kama yamefunikwa na sufuria.
Na dakika ya arobaini na moja, lifti ilipokwama,
ukumbi mzima kimya,
Musembi akakohoa.
Mara mbili. Akajizuia.
Kisha ya tatu, ndogo, ndani ya kiwiko.

Tuliuza River Road hadi wino wa printa ukaisha.
Mteja mmoja alirudi kuuliza:
"Huyu anayekohoa ndiye muuaji?"
Musembi alicheka mpaka akakohoa tena.
Tulidhani ni vumbi la simenti, kule Mlolongo
alikofanya kibarua.

Nakala ninayo bado. Imekwaruzika.
Hukwama dakika ya thelathini na nane,
mama wa watu bado anatafuta funguo kwenye mkoba,
lifti haijafika.

Basi leo nimekaa mbele ya picha ya tisa.
Thelathini na nane ikapita laini kama siagi.
Arobaini. Mlango wa lifti ukajifunga.
Arobaini na moja:
kebo ikalia kidogo juu, taa ikavuma,
pumzi ya yule mama, nguo ikigusa chuma,
kila kitu, kila kitu,
nami nimeshika rimoti kwa mikono miwili.

Nikarudisha nyuma.
Nikaongeza sauti.
Nikarudisha tena, nikaongeza
mpaka Bi Nduku akagonga ukuta,
na safari hii sikumpa alama.

Lokwang alikuwa mlangoni. "Vipi, safi?"
Safi, nikamwambia.
Nikaandika juu ya jalada kama kawaida yangu:
Giza zuri. Nyuso nzuri. Kimya kimezidi.
Akasoma, akageuza, akasoma tena.
Akauliza kama kwa hilo la kimya
muuzaji anaweza kumpunguzia hamsini.
Nikamwambia ajaribu.