Kufumua Herufi

Nilimpima mwenyewe, asubuhi moja ya Juni,
kasimama juu ya kigoda, soksi nyeupe, magoti yamechubuka.
Kifua sitini na nne. Mkono arobaini na tano.
Nikaandika pembeni mwa daftari, kwa penseli:
acha nafasi mabegani, mtoto anakua.
Alikuwa na miaka tisa na pengo la jino,
na tangu saa nne siku ile alikuwa kanali
wa askari wa farasi mia sita, hapa Lüdersfelde.

Si wa kwetu. Baba yake alitawala ng'ambo ya bahari,
na wakubwa wetu walimwita binamu.
Wafalme hupelekeana zawadi kama majirani na sahani,
na sahani hairudi tupu:
wao walileta farasi wawili weupe na saa ya ukutani,
sisi tukatoa kikosi.
Tulikuwa ndani ya sahani, tumefunikwa kawa.

Koti la buluu, vifungo kumi na viwili vya shaba,
upanga mfupi kama mwiko wa uji.
Sajini Krahl, aliyekwisha kuwaliza wanaume wenye ndevu,
alipiga goti matopeni amfunge kifungo cha shingo.
"Je, farasi wanajua kwamba mimi ni kanali?"
Hakuna aliyecheka.
"Wanajua, Mtukufu. Tuliwaambia jana jioni."

Kisha nikashona. R yenye taji juu yake,
hariri ya manjano, mabega elfu moja na mia mbili.
Ya mwanangu Jobst niliishona mwisho,
mishono miwili pale penye mmoja,
maana yule kijana hakupata kuvaa kitu kikadumu.

Kila Krismasi likaja kasha la machungwa
na kadi iliyobandikwa mlangoni pa bwalo.
Mwandiko ukakua mwaka hadi mwaka;
mistari iliyopanda kilima ikashuka, ikanyooka.
Mwaka wa nne alikumbuka kuulizia farasi mgonjwa, kwa jina.

Halafu Agosti.
Amri ilikuwa karatasi moja, haikujaa hata nusu:
herufi zifumuliwe kabla ya treni ya saa kumi na moja.
Tulikaa wanawake wanne na nyembe, makoti magotini.
Uzi mzuri haufumuki upesi.
Siku ile nilijilaani kwa kushona vizuri.

Jobst alisimama mbele yangu, hataki kuvua koti lake.
"Mama, nikikutana na kanali wangu huko,
nimpigie saluti au nimpigie risasi?"
Nikamwambia atulie, nina sindano mdomoni.
Sikuwa na sindano mdomoni.

Nguo ilikuwa imepauka kwa jua la kiangazi mara tano,
na chini ya uzi, buluu ilikuwa bado mbichi.
Tulipomaliza, R ilisomeka kuliko zamani.
Krahl akaagiza masizi ya jikoni, wakapakana.
Stesheni ikanyesha.
Wakapanda mabehewa kwenda kupigana na kaka zake,
jina lake limewakaa mabegani, limeoshwa, safi.

Yeye sijui aliambiwa nini.
Nadhani kuna mtumishi aliyelikunja lile koti,
akalitia kafuri, akafunga sanduku.
Miaka kumi na minne; mikono ilikwisha kuishia kwenye viwiko.
Niliacha nafasi, lakini nafasi ya mshonaji ni vidole viwili.

Machi waliniletea bahasha.
Kitambaa cha begani, kimoja, kimekauka kama gome,
na karatasi ambayo wino wake umelowa.
Karani alikuwa mpole. Alisema huenda si cha wangu,
vinafanana vyote, mama, usikimbilie kulia.
Nikapitisha kidole palipokuwa na herufi.
Matundu yalikuwa mawili mawili.